Polishi ya sakafu iliniua ndege moja ikaniokolea nyingine

Ndege ninazosema ni modeli za plastiki, zile unazounganisha na kupaka rangi mwenyewe. Nianze na ile iliyokufa, mana hio ndo iliyonifunza.

Nyumba ya nyanya kule Kibokoni, Mombasa, sakafu yake ni simiti nyekundu, ya zamani, na tangu niko mdogo kila Alhamisi jioni tulikuwa tunapigishwa magoti na kitambaa cha fulana kuukuu tunaipaka polishi ya mkebe mpaka ukipita unajiona uso. Kwa hivo mimi neno "polishi ya sakafu" nikilisikia akili inaenda moja kwa moja kwenye ule mkebe, ile harufu, na magoti yanauma. Sasa binamu yangu yuko Uingereza, yeye ndo aliyenitia kwenye huu ugonjwa wa modeli za plastiki, kila akija likizo analeta boksi moja mbili, na siku moja kwenye simu nikamuuliza, wewe zile zako mbona zinang'aa hivo, unapaka klia gani, yaani ile vanishi isiyo na rangi? Akacheka, akasema huku watu wanapaka polishi ya sakafu bana, bei rahisi, inatoka kama kioo. Mimi nikakata simu na furaha zangu. Sikuuliza polishi gani. Hapo ndo kosa lilipo, kila kitu kingine kilichofuata ni matunda yake.

Nilikuwa na Spitfire, ndege ya vita ya Waingereza, ya kipimo cha 1/72, yaani ya kweli ni kubwa mara 72, ndogo, inakaa kwenye kiganja, nimeipaka rangi kwa brashi wiki mbili, kwa mara ya kwanza madoa ya kijani na hudhurungi yametoka kama picha ya kwenye boksi. Nikaenda dukani nikanunua ile polishi ya mkebe isiyo na rangi, nikajiona mjanja kweli kuchagua isiyo na rangi, nikachovya pamba nikaisugua ndege nzima. Iling'aa. Sikudanganyi iling'aa vizuri sana, nikapiga picha nikamtumia. Jibu lake lilikuja baada ya saa mbili: "Hio umepaka nini?"

Kesho yake nikaanza kubandika zile stika za maji, wenyewe wanaziita dekali, zile unaloweka kwenye maji kisha unatelezesha kutoka kwenye karatasi yake. Zikateleza kweli. Ziliteleza zikaanguka mezani. Nikajaribu kugusia rangi sehemu moja iliyochubuka, rangi ikajikusanya matone matone kama maji juu ya jani la mgomba. Ile polishi ya mkebe ni nta, na nta kazi yake ni kukataa kila kitu kinachokuja juu yake, ndo sababu maji ya chai yakimwagika kwa nyanya hayazami. Mimi nimeichukua ndege yangu nikaivika koti la kukataa rangi.

Hapo ningeacha ningekuwa na Spitfire isiyo na nembo, si mbaya. Lakini nikasema nta inatolewa na petroli, nikachukua kidogo kwa jirani wa bodaboda, nikapangusa. Wewe, usijaribu. Plastiki ya hizi modeli ni polistireni na petroli inaitafuna, kwanza ikanata, alafu ikapasuka mistari myembamba kama tope lililokauka, na kioo cha rubani kikawa cheupe kama jicho la samaki wa juzi. Hio ndege iko mpaka leo, nimeitundika kwa uzi juu ya dirisha, wageni wanadhani nimeifanya makusudi ionekane imepigwa vitani.

Binamu alipomaliza kucheka ndo akanieleza taratibu. Polishi wanayoisema wao si nta ya mkebe, ni maji maji ya kumimina sakafuni, akriliki, aina ya plastiki, iliyochanganywa na maji, ikikauka inabaki ngozi nyembamba ngumu isiyo na rangi. Marekani ilikuwa ikiitwa Future, Uingereza Klear, zote za Johnson, baadaye zikabadilishwa jina chini ya Pledge, alafu ile ya Klear iliyokuwa angavu chupani ikabadilishwa ikawa nyeupe kama maziwa, mwisho zikaadimika kabisa na wajenzi wa modeli huko wakawa wanaficha chupa kabatini kama dhahabu ya harusi. Yeye mwenyewe alikuwa na robo chupa na hakuwa na nia ya kunipa. Sikumlaumu.

Hapo katikati nilipotea njia kidogo, nikaenda kwa fundi wa rangi za gari kule upande wa Makupa nikamwomba klia kidogo. Muungwana sana yule mzee, akanipa kwenye kifuniko cha chupa na tone la hadina, dawa ya kuigandisha, lakini akaniambia mwenyewe, "Kijana, hii ina thina kali ya kuyeyushia rangi, plastiki yako itayeyuka." Nikajaribu kwenye kijiko cha plastiki, na kweli kijiko kikalegea kikajikunja. Tangu siku hio chochote kipya kinaanzia kwenye kijiko. Navinunua Marikiti pakiti nzima, vile vyeupe vigumu vya sherehe, navipaka rangi kama ya ndege na vinakuwa ndo wagonjwa wangu wa majaribio.

Jibu lilikuwa nyumbani muda wote. Shangazi yangu anafanya usafi kwenye hoteli moja ya Nyali, na hoteli hizo zina ukumbi mkubwa wa sakafu ya terazo ambao lazima ung'ae mchana na usiku. Siku ya Idi tumekaa tunakula mahamri, analalamika mgongo, ati wameamrishwa wavue dawa yote ya sakafu ukumbi mzima kisha wapake upya, makoti manne, kila koti lisubiriwe likauke. Nikasimamisha hamri mdomoni. Dawa gani, shangazi? "Ya maji, inakuja kwenye mtungi wa lita tano, nyeupe kama maziwa, ukiipaka inakuwa haina rangi." Na mnaivua na nini? "Kuna dawa ingine kali, ina harufu ya mkojo wa paka." Amonia! Pale pale nikajua ni kitu kile kile. Dawa hizo za sakafu za kibiashara ni akriliki, na nyingi zinashikanishwa na madini ya zinki ili ngozi iwe ngumu na watu waweze kuikanyaga na viatu, na amonia ndo inayofungua huo mshikano, kwa hivo maji ya kawaida na sabuni hayaitoi lakini amonia inaitoa mara moja. Kumbe ujuzi wa wajenzi wa modeli ni ujuzi wa wafagiaji wa hoteli tu, basi.

Akaniletea nusu ya chupa ya maji ya kunywa, mabaki ya mtungi uliokuwa unatupwa, na onyo: "Mwanangu andika juu yake, hii si kitu cha kunywa." Nikasema sawa shangazi, sikuandika. Asubuhi namkuta nyanya jikoni ameishika chupa anaigeuza geuza, sufuria ya chai iko motoni, ananiuliza maziwa haya mbona mepesi. Nilivuka jiko sijui kwa hatua ngapi. Siku hio hio nikaihamishia kwenye gudulia la jemu, nikalizungushia selotepu nyekundu nikaandika SUMU kwa maka pande zote, na linakaa juu ya kabati ya nguo. Kama nyumbani kwako kuna mtoto au mzee haoni vizuri, anza na hilo kabla ya kitu chochote nilichosema hapa.

Sasa ndege yenyewe. Binamu alikuwa ameniletea Catalina, ile ndege ya maji, meli inayoruka. Nilimwomba hio makusudi. Wakati wa vita kuu ya pili, mwaka 1942 baada ya Wajapani kuishambulia Ceylon, Sri Lanka ya sasa, Waingereza walileta manowari zao za bahari ya Hindi hapa Kilindini, na Catalina zao zilikuwa zinaruka kutoka majini pale Kipevu kwenda kutafuta nyambizi baharini. Kipevu hio hio ya makontena sasa hivi. Babu alikuwa kuli bandarini na ami yangu anasema mzee alikuwa akiwasimulia ndege iliyokuwa ikioga kama bata. Kwa hivo hii haikuwa modeli ya kuchezea, hii ilikuwa ya kumuonyesha ami.

Ya kweli ina mabawa ya mita karibu 32, kwa 1/72 inakuja kama sentimita 44, inajaza meza ya kulia. Na uzuri wake wote uko kwenye vile vioo viwili vya mbavuni nyuma ya bawa, vimetuna nje kama macho ya kaa, askari alikuwa anakaa mle anaangalia bahari. Ukivikosea hivo vioo umekosea ndege. Vya kwenye boksi vilikuwa na mikwaruzo, tena plastiki nene, ukiangalia ndani unaona ukungu.

Hapa ndo polishi ya maji inapofanya maajabu, na sababu yake ni rahisi. Mkwaruzo unauona kwa vile mwanga unavunjika pale kwenye ule mfereji mdogo. Polishi ikiingia ikajaza mfereji na ikajilaza yenyewe sawasawa, mwanga unapita moja kwa moja, jicho halioni kitu. Kioo wanakichovya chote, hawakipaki kwa brashi. Nikamimina kwenye kikombe cha kahawa, kile kidogo kisicho na mkono, nikashika kioo kwa kibano, nikakizamisha polepole, nikakitoa polepole, nikagusisha ncha yake kwenye tishu ili tone la mwisho linyonywe, mana tone hilo likibaki linakauka kama jipu. Nikakilaza juu ya tishu nikakifunika.

Kosa la kwanza, nilikuwa nimelitikisa gudulia. Mazoea ya rangi hayo, kila kitu unatikisa. Polishi hii ikitikiswa inatoa povu, na povu likikauka juu ya kioo unapata vitobo vidogo vidogo kama uso wa chapati. Ikae itulie, ikibidi izungushe tu taratibu.

Kosa la pili lilikuwa kawa. Nilitaka kuzuia vumbi na kitu cha karibu kilikuwa kawa la nyanya la kufunikia chakula, nikasema hili ndo kazi yake. Kawa ni ukindu na lina miaka, likadondosha vinyuzi, kimoja kikalala katikati ya kioo kikakauka mle kama mdudu kwenye kaharabu. Siku hizi natumia beseni la plastiki nimelipangusa na kitambaa chenye maji kwanza.

Kosa la tatu si langu, ni la Mombasa. Mwezi wa Mei. Kusi limeingia, mvua haikatiki, nguo kwenye kamba zinakaa siku mbili na bado unazivaa mbichi. Hii polishi inakauka kwa maji yake kuondoka hewani, zile chembe za akriliki zinasogeleana mpaka zinagandana ziwe ngozi moja, sasa kama hewa yenyewe imeshiba maji yale yataenda wapi? Nilichoambiwa na binamu ni nusu saa unaweza kugusa. Huko kwake labda. Mimi nilisubiri saa nzima nikashika, kidole kikaacha alama yake yote, mistari mpaka unaweza kunipigia kura nayo. Sasa mimi ni saa 48 bila kugusa, na kazi ya klia naifanya kaskazi, Januari na Februari, hewa ikiwa kavu kidogo. Ikinilazimu wakati wa kusi basi naweka beseni juu ya friji kwa nyuma, pale panapotoka joto, na inasaidia. Usiweke juani. Niliweka, plastiki ikapinda.

Lakini hivo vioo vilivyoharibika havikufa, na hapo ndo niliipenda hii kitu kuliko klia zote. Unatumbukiza kwenye amonia iliyozimuliwa, dakika kumi, polishi yote inayeyuka na kioo kinarudi kama kilivyotoka boksini, unaanza tena. Wengi wanatumia ile dawa ya bluu ya kusafishia vioo vya dirisha lakini si zote zina amonia, soma kwa nyuma, ya kwanza niliyonunua ilikuwa harufu ya limau tu na haikufanya lolote. Fungua dirisha ukifanya hio kazi, na amonia isikutane na jiki, ile dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, hata kwa bahati mbaya, gesi yake inachoma mapafu. Na jua kwamba amonia inang'oa pia rangi za akriliki zilizo chini, kwa hivo kuoga huko ni kwa vioo vitupu, si kwa ndege iliyopakwa.

Faida moja sikuitarajia. Nilibandika kioo kimoja kwa supaglu, na unajua supaglu mvuke wake unaacha ukungu mweupe juu ya plastiki angavu, Spitfire ya pili ilinifanyia hivo. Kioo kilichochovywa hakikufanya ukungu, ile ngozi ya polishi inakikinga.

Mwilini sikuchovya, nilipaka kwa brashi bapa ya nywele laini, ile pana kidogo. Siri yote ni usirudi nyuma. Unachukua polishi ya kutosha, unavuta mstari mmoja kutoka mwanzo wa bawa hadi mwisho, unauacha. Jicho litakuambia pale pana alama ya brashi, rudi. Usirudi! Ukiiacha inajilaza yenyewe, ukiigusa imeshaanza kushika utaiburura. Makoti mawili mepesi, kati yake siku nzima. Kwenye koti la pili mbu alitua juu ya bawa la kushoto kabla sijafunika, akanata, nikamtoa kwa sindano, mguu mmoja ukabaki. Uko pale mpaka leo chini ya koti la tatu. Nimeuacha, huyo ni mbu wa Mji wa Kale, ana haki yake.

Sababu ya kung'arisha kwanza hata kama ndege ya kweli haikuwa inang'aa ni zile dekali. Rangi isiyong'aa ina vishimo vidogo usivyoviona, dekali ikikaa juu inafungia hewa chini yake, na hewa hio inaonekana kama fedha fedha pembeni ya nembo. Juu ya polishi ni laini kama sahani, hewa haina pa kujificha. Nikalainisha dekali kwa siki nyeupe ya jikoni nikiipaka kwa brashi, ikajikunja vizuri kwenye ile mistari iliyochongwa kuonyesha maungio ya mabati ya ndege. Sehemu moja polishi ikageuka maziwa chini ya siki nikaingiwa na baridi, lakini ilipokauka na kupigwa koti jingine ikapotea. Baada ya hapo nikapitisha rangi nyeusi ya mafuta iliyolegezwa sana kwa tepentaini iingie kwenye mistari, ya ziada nikaipangusa, na polishi haikuguswa kwa vile tepentaini haina ugomvi na akriliki iliyokauka barabara.

Mwisho ilibidi kuuondoa mng'ao, ndege ya vita iliyokaa majini na juani haing'ai kama gari la bwana harusi. Nikajaribu kuchanganya polishi na poda ya mtoto, kuna watu wanasema inafaa. Kwenye kijiko ilitoka kama mtu aliyeoga baharini akakauka na chumvi. Binamu akanitumia kichupa cha Tamiya X-21, kile cha kufifiza mng'ao, na hapo vijiko sita vikaenda. Sehemu moja kwa kumi za polishi ilinipa mng'ao hafifu kama ganda la yai, moja kwa tatu ikawa kavu kabisa, ikizidi hapo inaanza kuweka weupe kwenye mikunjo. Nikachukua moja kwa kumi. Vile vioo vya mbavuni nikavifunika na selotepu vibaki na mng'ao wao.

Ami alikuja Jumapili baada ya alasiri. Hakusema kitu kwanza, akavaa miwani, akainama mpaka pua karibu iguse bawa, akazunguka meza. Akaangalia ndani ya kile kioo cha kushoto kwa muda, ambapo nimekalisha kiaskari kidogo cha plastiki kinachotazama nje, na unakiona mpaka vifungo vya shati.

"Hii ndo ile ya bata?"

Nikamwambia ndio ami.

Akanyoosha kidole akagusa ncha ya bawa, taratibu, akauliza hiki hapa ni nini, kama unywele hivi. Nikamwambia mguu wa mbu. Akavua miwani akaenda kukaa, akaitisha kahawa, na nyanya kutoka jikoni akapaza sauti kuuliza kikombe chake kimoja cha kahawa kimeenda wapi, mana havijatimia sita.